Quedlinburg si mji wa kupita, ni mji wa kulala

Wasafiri wengi wanaofika Ujerumani huishia Berlin, Hamburg, Munich au Frankfurt, na wanapouliza wapi waone mji mdogo wa kale huelekezwa Rothenburg ob der Tauber, kule Bavaria, ambako mchana kuna watalii kuliko wenyeji. Pendekezo langu ni tofauti. Ninawashauri waende Quedlinburg, katika jimbo la Sachsen-Anhalt, pembeni mwa milima ya Harz. Hata hivyo, ninautoa ushauri huo kwa sharti moja: usiende asubuhi ukitokea Berlin na kurudi jioni hiyo hiyo. Mji huu, pamoja na vivutio vinavyouzunguka, unamtaka mgeni alale, kwa sababu uzuri wake mkubwa huonekana alfajiri na baada ya mabasi ya watalii kuondoka, na kwa sababu yale yaliyo nje ya mji yanafikika kwa safari fupi fupi za treni ambazo mtu wa siku moja hana nafasi nazo.

Kufika si kazi ngumu. Kutoka Berlin unapanda treni hadi Magdeburg, unabadilisha, kisha treni ya mkoa inakupitisha Halberstadt na kukushusha Quedlinburg baada ya mwendo wa zaidi kidogo ya saa moja. Siku za mwisho wa wiki ipo pia treni ya moja kwa moja kutoka Berlin. Mwenye Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi iliyoanza Mei 2023 na inayokubalika katika treni zote za mikoa, halipi kitu cha ziada kwa safari hii, mradi asipande treni za mwendo kasi. Kutoka stesheni hadi soko kuu ni matembezi mafupi. Mwenye sanduku la magurudumu ajue tu kwamba barabara za mji mkongwe ni za mawe yaliyopangwa, na sanduku litalalamika njia nzima.

Kinachomkabili mgeni kwanza ni nyumba. Quedlinburg una nyumba zaidi ya 2,000 za fremu za mbao, zilizojengwa katika kipindi cha karne nane hivi, na mwaka 1994 UNESCO iliingiza mji mkongwe, ngome na kanisa lake katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Msomaji aliyekulia katika nyumba ya miti na udongo atazielewa nyumba hizi haraka kuliko mtalii aliyezoea zege tupu, kwani nguzo husimikwa na kuunganishwa kwa boriti, nafasi zilizobaki husukwa fito, kisha fito hukandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu. Tofauti ni kwamba hapa nguzo haifukiwi ardhini, bali hukalishwa juu ya msingi wa mawe ili unyevu usiiozeshe, na kazi yote ya seremala huachwa wazi upande wa mtaani ili ionekane. Katika nyumba moja iliyokarabatiwa, mwenyewe ameacha kipande cha ukuta bila kukipiga lipu. Nilisogea karibu, nikaona fito zilivyopishana, vipande vya majani vilivyoganda ndani ya udongo, na mikwaruzo ambayo fundi aliiweka kwa makusudi ili chokaa ishike.

Anayetaka kujifunza na si kupiga picha tu aanzie Wordgasse, kwenye jumba dogo la makumbusho lililo ndani ya nyumba ya karne ya 14. Nguzo zake zinapanda bila kukatwa kutoka chini hadi kwenye paa, jambo lililohitaji miti mirefu sana. Katika nyumba zilizofuata mafundi waliacha utaratibu huo. Kila ghorofa ikapata nguzo zake fupi na kutokeza kidogo mbele ya ile iliyo chini yake, mpaka katika vichochoro vingine nyumba mbili zinazotazamana zinakaribia kugusana juu. Ukishaijua tofauti hiyo, mji mzima unaanza kusomeka. Unatambua nyumba za karne ya 16 kwa nakshi za nusu duara zilizochongwa kama kipepeo cha kujipepea kwa mkono, na juu ya milango unakuta mwaka wa ujenzi, jina la mwenye nyumba, na mara nyingine aya ya Biblia. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu watembezaji wengi hukimbilia moja kwa moja kilimani, kwenye ngome na kanisa, na wageni wao huondoka wakisema nyumba ni nzuri bila kujua wameona nini.

Uzima wa nyumba hizi haukuwa jambo la hakika. Enzi za Ujerumani Mashariki fedha za ukarabati zilikuwa haba, paa zilivuja, na sehemu ya kaskazini ya mji mkongwe ilibomolewa ili kupisha majengo ya zege, ambayo bado yapo na yanaonekana wazi. Baada ya 1990 kazi kubwa ya kuokoa ilianza, na haijakwisha. Hata leo utapita nyumba iliyopakwa rangi upya ikiwa imeegemeana na jirani yake aliyefungwa madirisha kwa mbao. Binafsi naona hali hiyo inaupa mji heshima zaidi, kwani unamwonyesha mgeni kwamba urithi ni kazi ya mikono na ya kila mwaka.

Kilimani, juu ya mwamba wa mchanga mgumu, ndipo historia ya mji ilipoanzia. Jina la Quedlinburg linaonekana kwa mara ya kwanza katika hati ya mwaka 922, wakati wa Mfalme Heinrich wa Kwanza, aliyetawazwa mwaka 919. Alipofariki mwaka 936 alizikwa hapa, na mjane wake Mathilde, pamoja na mwana wao Otto, wakaanzisha jumuiya ya wanawake wa kiungwana waliopewa jukumu la kuwaombea wafu wa ukoo. Jumuiya hiyo ilidumu hadi mwanzoni mwa karne ya 19, na kwa muda mwingi wa zaidi ya miaka 860 mama mkuu wake ndiye aliyekuwa na mamlaka juu ya mji. Ni historia ambayo haielezwi vya kutosha na mabango yaliyopo. Mji huo huo ulimzaa Dorothea Erxleben, mwanamke wa kwanza Ujerumani kupata shahada ya udaktari wa tiba, aliyotunukiwa na Chuo Kikuu cha Halle mwaka 1754 akiwa tayari mke na mama. Kwa maoni yangu, mji wenye wanawake wa namna hii ungewaweka mbele kuliko Heinrich na hadithi yake ya kukabidhiwa taji akiwa anatega ndege.

Kanisa la Mtakatifu Servatius lililoko juu hapo liliwekwa wakfu mwaka 1129, na ndilo sababu kubwa ya kulipia kiingilio. Nenda kwanza chini ya madhabahu, penye nguzo fupi na kaburi la Mathilde, kisha upande kwenye vyumba viwili vya hazina. Humo mna Injili iliyoandikwa kwa wino wa dhahabu katika karne ya 9, kisanduku cha masalia ya watakatifu chenye vibao vya pembe za ndovu, na vichupa vya fuwele iliyochongwa Misri enzi za Wafatimiya, ukoo wa Kiislamu ulioitawala nchi hiyo. Mbele ya vichupa hivi nilisimama muda mrefu kuliko mahali pengine popote mjini. Fuwele yake ni angavu kama maji, imekatwa kwa ufundi ambao mkono wa leo ungeuonea shida, na kilichotengenezwa pengine kwa ajili ya manukato kimegeuzwa kuwa chombo cha masalia ya Kikristo. Mwanazuoni al-Biruni, aliyeandika katika karne ya 11, anataja kwamba fuwele iliyopelekwa Basra kuchongwa ilitoka, pamoja na mahali pengine, katika visiwa vya Zanj, jina la kale la pwani ya Afrika Mashariki. Hakuna awezaye kuapa kwamba jiwe la vichupa hivi lilipita katika pwani yetu, lakini mtu wa pwani anayo haki ya kuvitazama kwa jicho la mwenye hisa katika biashara ile.

Hazina hii ina kisa chake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ilifichwa pangoni nje ya mji, na mwaka 1945 luteni mmoja wa jeshi la Marekani alichukua vitu 12 na kuvituma nyumbani kwao Texas kwa posta ya kawaida. Vilikaa huko hadi warithi wake walipojaribu kuviuza; kesi ikafuata, malipo ya mamilioni ya dola yakafanyika, na mwaka 1993 vitu 10 vikarudi Quedlinburg. Maelezo ya kisa hiki yameandikwa vizuri, na wenyeji wanakisimulia kwa uchungu unaoeleweka. Ni vigumu kwa Mtanzania kuyasoma bila kukumbuka mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913, ambayo imesimamishwa katika makumbusho ya Berlin, saa chache tu kwa treni kutoka hapa. Furaha ya mji uliorudishiwa chake ni ya haki, na inatufundisha sisi pia kudai kwa subira na kwa hati mkononi.

Kanisa hilo hilo linabeba doa ambalo mgeni asilipite. Mwaka 1936, ilipotimia miaka 1,000 tangu kifo cha Heinrich, Himmler, mkuu wa SS, kikosi cha Wanazi wa Hitler, alifanya hapa sherehe kubwa, na baadaye kikosi hicho kikawanyang'anya waumini kanisa na kuligeuza mahali pa ibada yao ya utaifa. Ukilitazama kwa nje upande wa mashariki utaona madirisha marefu ya mtindo wa Gothic. Ukiingia ndani unakuta ukuta wa mviringo unaodai kuwa wa kale zaidi. Ukuta huo ni kazi ya SS, uliojengwa ili kanisa lifanane na ndoto yao ya zama za Heinrich. Zunguka nje kwanza ndipo uingie, vinginevyo hutagundua.

Kuhusu malazi na chakula nitakuwa mfupi. Nyumba za wageni zilizo ndani ya majengo ya kale zina haiba, ila ngazi zake ni kali, dari ni za chini, na lifti ni nadra. Mwenye magoti mabovu aulize kabla ya kulipa. Majiko ya mikahawa hufungwa mapema jioni, mikahawa mingine hupokea fedha taslimu tu, maduka hulala Jumapili, na makumbusho kadhaa hupumzika Jumatatu. Nyama ya nguruwe imetawala orodha za vyakula, hivyo asiyeila amtafute samaki wa mito ya Harz, ambaye huletwa mzima akiwa amekaangwa kwa siagi na viazi pembeni. Jibini la Harz lina harufu nzito isiyompendeza kila mtu. Keki za jibini zinazouzwa chini ya kilima, kwa upande mwingine, ninazisifu bila kusita: zimeumuka vizuri, hazikuzidi sukari, na kipande kimoja kinatosha kuwa chakula cha mchana.

Wasomaji wenzangu Waafrika watataka kujua tutapokewaje. Wahudumu niliokutana nao walikuwa na adabu, wakavu kidogo mwanzoni na wakunjufu baada ya salamu ya Kijerumani. Wazee wengi wa eneo hili shuleni walisoma Kirusi badala ya Kiingereza, kwa hiyo maneno machache ya Kijerumani yanafungua milango. Utatazamwa, hilo ni kweli. Pia ni kweli kwamba Septemba 1992 makazi ya waomba hifadhi mjini hapa yalishambuliwa, na kwamba siasa za chuki dhidi ya wageni zina wafuasi wengi katika jimbo hili. Sikukutana na ubaya wowote, lakini nisingemficha msomaji habari hizo ili tu nimpambie safari.

Sasa twende nje ya mji. Kama una nafasi ya kitu kimoja tu, kiwe Teufelsmauer, Ukuta wa Shetani, na hasa sehemu iliyo kati ya Weddersleben na Neinstedt, inayofikika kwa baiskeli au kwa treni fupi na matembezi kidogo. Ni mstari wa majabali ya mchanga yaliyosimama wima katikati ya mashamba, kana kwamba ardhi imechana nguo na mifupa ikatokeza. Matabaka ya mwamba yaliinuliwa yakasimama wima milima ya Harz ilipokuwa ikipanda, udongo laini ukamomonyoka, na yaliyo magumu yakabaki. Wenyeji wana simulizi yao: Shetani alikubaliana na Mungu kwamba nchi atakayoizungushia ukuta kabla ya jogoo kuwika itakuwa yake, mwanamke mmoja aliyekuwa akienda sokoni na jogoo kapuni akajikwaa gizani, jogoo akawika, na Shetani kwa hasira akauvunja ukuta. Kuchimba mawe hapa kulipigwa marufuku tangu karne ya 19, na eneo hili ni miongoni mwa hifadhi za kale kabisa nchini Ujerumani. Hakuna kiingilio, hakuna lango, na jioni mwamba hugeuka rangi ya asali. Njia ni ya mchanga unaoteleza, kwa hiyo vaa viatu vyenye kushika.

Thale, kituo cha mwisho cha reli hiyo hiyo, ni mji usio na mvuto wenyewe, lakini umekaa mdomoni mwa bonde la mto Bode. Kuna vigari vinavyoning'inia kwenye waya vinavyompandisha mtu hadi Hexentanzplatz, uwanja ambao simulizi zinasema wachawi hukutana usiku wa Aprili 30. Huko juu kuna maduka ya vinyago vya wachawi na kelele nyingi, nami sikuona sababu ya kukaa. Mandhari ya kutoka ukingoni ndiyo iliyo ya kweli, na iliyo bora zaidi ni njia ya miguu chini kabisa, kando ya mto, kuelekea Treseburg. Ni kama kilomita 10 za kutembea kati ya kuta za mawe, maji yakinguruma ubavuni, na mwishoni unarudi kwa basi. Kabla ya kwenda uliza kama njia iko wazi, maana mawe yakianguka hufungwa.

Nasita zaidi kuhusu Brocken, mlima wa mita 1,141, mrefu kuliko yote ya kaskazini mwa Ujerumani, ambao kila kijitabu cha utalii huutangaza kuwa ndio kilele cha safari. Gari moshi la mvuke la HSB, kampuni ya reli za Harz, linapanda huko kutoka Wernigerode, kwa reli ya upana wa mita moja, kipimo kile kile cha reli ya zamani ya Mombasa hadi Kampala na ya Dar es Salaam hadi Kigoma. Kwa mtu aliyepanda reli zetu, kuona mabehewa ya kiasi kile yakivutwa na injini ya makaa ya mawe ni furaha ya pekee. Lakini nauli ya kwenda na kurudi inazidi euro 50 kwa mtu mzima, mabehewa hujaa, na kileleni siku nyingi za mwaka ni ukungu mtupu. Misitu ya misonobari njiani imekufa kwa sehemu kubwa baada ya ukame ulioanza 2018 na wadudu wanaotafuna ndani ya magome, ikabaki vigogo vya kijivu kilima baada ya kilima. Hifadhi ya taifa ya Harz imeuacha msitu mpya uote wenyewe, na chini ya vigogo tayari kuna miti michanga, jambo linalostahili kutazamwa kwa utulivu kuliko dirisha la treni linavyoruhusu. Kwa hiyo ninapendekeza kupanda kwa miguu kutoka Schierke, ukiwa na koti zito hata Julai. Kilele, kilichokuwa Ujerumani Mashariki karibu na mpaka wa Magharibi, kilifungwa kwa raia mwaka 1961 na kugeuzwa kituo cha kusikiliza mawasiliano. Desemba 3, 1989, umati wa watu ulipanda kwa miguu na kudai lango lifunguliwe, nalo likafunguliwa. Kupanda vile walivyopanda wao kuna maana kuliko kupanda kwa tiketi.

Anayetaka moshi na mvuke bila gharama hiyo apande njia ya bonde la Selke, inayoanzia Quedlinburg kwenyewe tangu 2006. Angalia ratiba, kwani si kila safari inavutwa na injini ya mvuke. Shuka Gernrode, mwendo mfupi tu, uone kanisa la Mtakatifu Cyriakus lililoanzishwa karibu mwaka 960, ambalo kwa usafi wa mistari yake nalipenda kuliko lile la kilimani. Wernigerode ni mzuri na umejaa watu. Nusu siku inatosha. Halberstadt uliungua Aprili 1945, na anayeshuka huko ashuke kwa ajili ya kanisa kuu na vitambaa vyake vya kale.

Kuhusu majira, Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi ninayoipendekeza. Katika wiki za kabla ya Krismasi wenyeji hufungua nyua zao za ndani na kuuza kazi za mikono na vyakula; ni desturi nzuri sana, lakini siku za mwisho wa wiki vichochoro havipitiki, na vyumba huwa vimeshachukuliwa miezi mingi kabla. Anayeutaka Quedlinburg wa Desemba aweke nafasi mapema na afike katikati ya wiki, ingawa nyua nyingi siku hizo huwa zimefungwa.